KAZI ZA MIKONO: Kofia Isiyo na Mshono

Wasomaji wengi wa safu hii ni wakulima na makarani, nami najua kwamba wakiona neno "kufuma" wengine watageuza ukurasa upesi, wakisema hayo ni mambo ya akina mama. Nawaomba wasigeuze. Mimi nami ni karani, tena mwanamume, na zamani si nyingi nilidhani vivyo hivyo. Leo nafuma kofia, na fedha iliyotokana na kofia hizo imelipa karo ya mtoto wa shule. Lakini kabla ya kulipa, fedha hiyo ilikaribia kupotea kwa kosa langu mwenyewe. Kosa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana mtu akijikwaa njiani ni haki awaonyeshe wenziwe jiwe lilipo.

Miasenyi si mji mkubwa. Abiria wa reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, huijua kuwa ni kituo kimoja kati ya Mariakani na Voi. Akichungulia dirishani huona udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mbuzi wachache, na siku ya anga safi mlima Kasigau umesimama peke yake. Huko ndiko akaako shangazi yangu, dada ya marehemu baba, pamoja na mjukuu wake wa kike anayesoma shule ya sekondari. Shangazi ni mkulima. Lakini wote wakaao pande zile wajua taabu zake: mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, na ile mimea michache iliyoota baadaye, tembo wa Tsavo waliivuna kabla ya mwenyewe. Usiku mmoja tu wa tembo watosha kumaliza kazi ya miezi mitatu.

Basi shangazi alirudia kazi ya mikono. Kwanza vikapu vya mkonge, kazi aliyoijua tangu utotoni kama wanawake wengi wa Taita. Kisha kofia za sufu, alizofundishwa na akina mama wa kanisa alipokuwa msichana. Msomaji atauliza, nani avae kofia ya sufu Miasenyi, mahali ambapo jua la saa sita lachoma hata kivuli? Jawabu ni kwamba kofia hufumwa Miasenyi lakini haivaliwi Miasenyi peke yake. Panda milima ya Taita mwezi wa Julai, ufike Werugha au Mgange, chini ya kilele cha Vuria kipitacho meta 2,200 juu ya bahari; utakuta ukungu umelala mashambani hata saa nne ya asubuhi, na watu wamejifunika mpaka masikioni. Tena kuna madereva wa malori wapumzikao Maungu usiku, na vijana wa bodaboda ambao upepo wa alfajiri huwapiga vichwani.

Kofia wanayoipenda zaidi vijana siku hizi si ile iliyobana kichwa kama bakuli. Ni ile ndefu kidogo, yenye pindo lililoshika paji la uso na mwili uliolegea na kuangukia kisogoni. Wenye nywele ndefu za kusokota huipenda kwa sababu nywele zote huingia ndani; wasio na nywele huipenda kwa sababu yapendeza. Na uzuri wake mkubwa ni huu, kwamba haina mshono hata mmoja: hufumwa kwa kuzunguka, kama kikapu.

Mfano wa kikapu

Shangazi alinifundisha kwa mfano huo wa kikapu, nami sijapata mwalimu aliyefafanua vizuri zaidi. Alichukua kikapu chake, akakipindua, akakiweka juu ya kichwa changu. "Baba," akaniambia, "kikapu ni kofia iliyolala chali. Anayesuka kikapu huanzia kitakoni, akaongeza mpaka mdomoni. Anayefuma kofia huanzia mdomoni, akapunguza mpaka utosini. Njia ni moja, ila mmoja anakwenda na mwingine anarudi."

Kofia za viua zivaliwazo Lamu na Mombasa hushonwa kwa vipande viwili, kimoja cha duara cha juu na kimoja cha kuzunguka kichwa, kisha vikaunganishwa. Hii yetu haina vipande. Mfumaji huzunguka tu, duru juu ya duru, na upande wa uso wa kazi humwelekea yeye wakati wote. Kwa hiyo, baada ya pindo, hana haja ya kufuma kwa nyuma hata mara moja. Kitanzi cha mbele peke yake chatosha, na kitambaa hutoka laini.

Vifaa

Uzi wa unene wa kati, gramu 100, watosha kofia moja ya mtu mzima. Uzi mwingi uuzwao madukani kwetu ni wa akriliki, nao hufua vizuri na haugharimu sana. Wa sufu halisi ni wa joto zaidi. Lakini asidhani mtu kwamba ataupata kwa kondoo wake, kwa kuwa kondoo wekundu wa Wamasai, wanaofugwa sana katika nyika zetu, wana nywele tu wala hawana sufu ya kufumia.

Sindano ziwe za duara, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, urefu wake wote sentimeta 40. Moja iwe ya milimeta 4 kwa pindo, na ya pili ya milimeta 5 kwa mwili. Zaidi ya hizo, sindano tano za milimeta 5 zenye ncha huku na huku, kwa ajili ya utosi. Asiye na sindano za duara aweza kufuma kofia nzima kwa seti mbili za sindano tano, moja ya kila unene, akigawa vitanzi juu ya nne na kufuma kwa ya tano. Ndivyo watu walivyofuma kabla ya plastiki kujulikana. Wako pia wafumao kwa spoki za baiskeli zilizonolewa, lakini spoki ni nyembamba, yapata milimeta 2 tu, na kitambaa chake hubana sana. Kwa kofia ya kulegea haifai.

Mwisho, utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Huu wengi huuacha nyumbani. Mimi niliuacha, na hasara yake nitaieleza.

Kazi yenyewe

Tia vitanzi 96 katika sindano ya milimeta 4. Vipange vyote, miguu yao ikitazama chini na isizunguke waya wa sindano, kisha uunganishe mwisho na mwanzo ili kupata duara. Hapa wanafunzi wengi huanguka. Ikiwa mnyororo wa vitanzi umejipinda hata mara moja wakati wa kuunganisha, hautajipindua wenyewe kamwe. Utaendelea kufuma kwa saa mbili, na mwisho wake utapata kitu kisichokuwa kofia wala mfuko. Makarani wenzangu watanielewa nikisema ni kama jumla iliyokosewa katika ukurasa wa kwanza wa daftari: kila ukurasa unaofuata ni sahihi, na hesabu nzima ni uongo. Basi duru ya kwanza ikiisha, simama, weka kazi mezani, uitazame pande zote. Mwenda pole hajikwai. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine mahali duru inapoanzia, kiwe alama.

Pindo hufumwa vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, hivyo hivyo mpaka duru iishe. Katika kitanzi cha mbele uzi hukaa nyuma ya kazi na sindano huingia kwa uso. Katika kitanzi cha nyuma uzi huletwa mbele na sindano huingia kutoka kulia kwenda kushoto. Mchanganyiko huo ndio uletao mistari ivutikayo na kurudi, na ndiyo ishikayo kichwa. Endelea hata pindo lifikie sentimeta 5.

Sasa hamia sindano ya milimeta 5, na katika duru ya kwanza ongeza kitanzi kimoja baada ya kila vitanzi vinne. Kuongeza ni kuinua ule uzi ulalao kati ya vitanzi viwili na kuufuma ukiwa umesokotwa kidogo, ili usiache tundu. Utakuwa umeongeza 24, na jumla yawa vitanzi 120. Ongezeko hilo ndilo siri ya kulegea: pindo limebana, mwili umepanuka ghafula. Fuma kitanzi cha mbele tu, duru baada ya duru, mpaka kazi ifikie sentimeta 20 tangu ukingo wa kwanza.

Ndipo unapoanza kurudi utosini. Gawa vitanzi 120 katika mafungu manane ya vitanzi 15, na kila fungu ulitie alama. Katika kila fungu fuma vitanzi 13, kisha vile viwili vya mwisho uvifunge pamoja kuwa kimoja. Duru inayofuata fuma bila kupunguza. Halafu punguza tena, vitanzi 12 na viwili pamoja. Kisha duru tupu. Na kuendelea hivyo mpaka kila fungu libaki na vitanzi 8. Toka hapo punguza kila duru, bila duru tupu katikati. Kazi itakapokuwa ndogo hata haizunguki tena sindano ya duara, hamisha vitanzi katika zile sindano tano. Vikibaki vitanzi 8 tu, kimoja kwa kila fungu, kata uzi ukiacha sentimeta 20, upitishe ndani ya vyote nane, uvute, ufunge kwa ndani. Utaona mistari minane imekutana katikati kama nyota. Kofia itakuwa na kimo cha sentimeta 29 hivi, na isiyolegea huwa 21 au 22.

Kosa langu

Mwezi wa Juni kwaya moja ya vijana wa milimani iliagiza kofia 24 za rangi moja. Walikuwa wasafiri kwenda Limuru mwezi wa Julai, na baridi ya Limuru haina mzaha. Malipo yake yalikuwa karibu sawasawa na karo aliyokuwa akidaiwa yule mjukuu, ambaye alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara moja. Shangazi alipofika kofia ya tano kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba. Akapumzika siku nne, kisha akanipigia simu.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimefuma kofia chache za kujifunza, nami nilijiona fundi. Tukagawana: yeye 14, mimi 10. Nilifuma kila jioni baada ya kazi, nyumbani kwangu Voi, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasicheke. Nilifuata hesabu zake zote: vitanzi 96, kisha 120, pindo sentimeta 5, mwili mpaka 20. Siku ya kukabidhi tukazipanga kofia zote mezani. Kumi zake ishirini na nne zilionekana kama wadogo zao. Kijana mmoja alijaribu moja yangu. Ilimkaa utosini kama kifuniko cha chungu. Kwaya ikachukua 14, ikalipia 14, ikatuambia kwa adabu kwamba siku kumi zimebaki kabla ya safari, na kama 10 hazitakuwa tayari watanunua dukani.

Nililalamika kwamba hesabu nilizopewa zilikuwa mbaya. Shangazi hakujibu. Alichukua utepe wa fundi, akauweka juu ya kofia yake, akahesabu vitanzi katika mwili wake: 18 kwa kila sentimeta 10. Akauweka juu ya yangu: 22. Basi, msomaji, chukua kalamu. Vitanzi 120 vikigawanywa kwa 18, mwili wa kofia wawa na mzunguko wa sentimeta 66 na zaidi, nao walegea vizuri juu ya kichwa cha sentimeta 56. Vitanzi 120 hivyo hivyo vikigawanywa kwa 22, wapata sentimeta 54 na nusu, yaani pungufu kuliko kichwa chenyewe. Pindo langu nalo lilikuwa sentimeta 40, na lake 48. Hesabu ilikuwa moja, lakini mikono ilikuwa miwili. Mimi nina mkono wa karani, hushika sindano kama kalamu na kuvuta uzi kama mtu afungaye bahasha ya siri. Yeye huuacha uzi upite.

"Hukufuma kipande cha kujipima," akaniambia. Ni kweli, sikufuma. Aliniagiza tangu siku ya kwanza kwamba kila mfumaji, kila uzi mpya, kila sindano mpya, lazima kwanza kifumwe kipande kidogo kipatacho sentimeta 12 kila upande, kilazwe bila kuvutwa, na vitanzi vihesabiwe katika sentimeta 10 za katikati. Kwa kazi ya kuzunguka, kipande nacho ni afadhali kifumwe kwa kuzunguka, kwa kuwa mkono wa mtu huweza kubadilika afumapo kwenda na kurudi. Vikizidi, chukua sindano nene zaidi. Vikipungua, chukua nyembamba. Kazi hiyo huchukua nusu saa. Mimi niliiona kuwa upotevu wa wakati, na nusu saa hiyo ikanigharimu jioni kumi na tisa.

Lakini kazi ya kufuma ina rehema ambayo kazi ya daftari haina. Karani akiandika kosa kwa wino, alama yake hubaki. Mfumaji akikosa, huvuta uzi tu, na kosa lote hurudi kuwa uzi. Ndiyo maana lugha yetu ina maneno mawili yaliyo jirani, kufuma na kufumua. Siku ile ile tulizifumua kofia zote 10. Uzi tukauzungusha juu ya mgongo wa kiti, tukaulowesha katika maji ya uvuguvugu, tukauanika ili mikunjo itoke. Nikafuma kipande cha kujipima kwa sindano ya milimeta 6, nikahesabu mara tatu: 18. Kwa pindo nikatumia ya milimeta 5. Nikaomba likizo ya siku nne zilizobaki katika mwaka wangu, nikahamia Miasenyi, tukafuma tukiwa tumekaa chini ya mwarobaini, shangazi akifuma pindo ambazo hazikumchosha mkono, nami nikifuma miili na utosi. Siku ya tisa jioni zilikuwa 10 kamili. Kwaya ikalipa, na Jumatatu yule binti akarudi shuleni.

Kazi ya nani?

Chini ya mwarobaini ule ndipo nilipoacha kuona haya. Wapita njia walisimama wakatazama. Mzee mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nilimjibu kwamba la, niko likizoni, na yeye akakaa akatazama mpaka kofia ikaisha.

Wanaosema kwamba kufuma si kazi ya mwanamume hawajui habari za dunia. Katika kisiwa cha Taquile, kilicho ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, na wavulana hujifunza tangu wadogo. UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Uingereza nayo, mwaka 1571, ilitungwa sheria iliyowaamuru watu wote waliopita miaka sita, isipokuwa wakubwa na watu wa aina chache, wavae kofia ya sufu iliyofumwa nchini kila Jumapili na sikukuu, ili wafumaji wasikose riziki. Na asiyeivaa alitozwa faini. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1597. Sisi hatuhitaji sheria ya namna hiyo. Twahitaji tu kuwa na kofia inayokaa vizuri kichwani, na mnunuzi ataivaa bila kuamriwa.

Sisemi kwamba kofia itashinda ukame, wala kwamba itamzuia tembo mlangoni pa shamba. Shangazi bado hupanda kila mvua inapokuja, na bado hulala jicho moja wazi. Lakini uzi hauhitaji mvua, wala tembo hawali sufu. Na mtu mwenye riziki mbili, moja ikianguka, ana nyingine ya kushika. Kazi mbi si mchezo mwema.

Basi, atakayejaribu kofia hii na akumbuke mambo matatu. Aangalie vitanzi visijipinde wakati wa kuunganisha. Apime mkono wake mwenyewe kabla ya kuamini hesabu ya mtu mwingine, hata hesabu hizi zangu. Na akikosea, afumue bila hasira, kwa kuwa uzi ungali wake. Sindano zangu sasa zakaa juu ya meza sebuleni, mlango wazi, na utepe wa fundi umelala kando yake.